Jibu: Je, Galileo ndiye aliyevumbua darubini?

Ndugu, umeuliza kama Galileo ndiye aliyevumbua darubini, na kama siye, kwa nini anasifiwa hivyo. Hakuivumbua. Mwaka 1608 fundi miwani wa Uholanzi, Hans Lipperhey, aliomba hataza ya chombo hicho. Galileo alipata habari mwaka uliofuata akiwa Italia, akasaga lenzi zake mwenyewe, na kabla mwaka haujaisha alikuwa na darubini ya kukuza mara 20 hivi. Zile za mwanzo zilikuza kama mara tatu tu.

Sifa yake hasa ni kuielekeza mbinguni na kuandika alichokiona usiku baada ya usiku. Tarehe 7 Januari 1610 aliona vinyota vitatu karibu na Mshtarii. Kesho yake vilikuwa vimehama. Tarehe 13 akaona cha nne, akatambua kwamba ile ni miezi inayoizunguka sayari hiyo. Kwangu mimi huu ndio ugunduzi wake mkubwa kuliko yote, kwa sababu wasomi wengi wakati huo walishikilia kwamba vyote vya mbinguni huizunguka Dunia. Baadaye mwaka huohuo aliona Zuhura ikipungua na kujaa kama mwezi, ishara kwamba inalizunguka Jua.

Kilimia nacho, ambacho kwa macho tunahesabu nyota sita au saba, alikichora kikiwa na nyota zaidi ya 35.

Ukipata darubini ya macho mawili inayokuza mara 10, iegemeze ukutani isitikisike, uitazame Mshtarii. Miezi hiyo utaiona mwenyewe.