Namba hiyo ni ya nini? Maswali yenu kuhusu hesabu za nyumbani

Wengi mlioandika safari hii mnalalamikia kuzidisha na kugawanya. Nimesoma maswali yote kwa makini, na naona kuzidisha kwenu hakuna tatizo kubwa. Mnakwama pale namba inapoachwa peke yake, bila kuulizwa: ya nini? Asilimia ya kiasi gani? Bei ya gramu ngapi? Lishikeni hilo tunapoendelea.

Mwalimu, niliikimbia hesabu tangu shuleni na sasa nina familia. Simu yangu ina kikokotoo. Kuna haja gani ya kujisumbua?

Kikokotoo kitumie, si aibu hata kidogo. Lakini hakijui ulichokusudia. Ukibonyeza sifuri moja zaidi, kitakupa jibu potofu bila kukuonya. Kwa hiyo kadiria kwanza. Vitu vitatu vya 1,950, 3,100 na 4,890 vifanye kichwani kuwa elfu mbili, elfu tatu na elfu tano: jumla elfu kumi. Jibu kamili ni 9,940. Kikokotoo kikikuonyesha 99,400, utashtuka mwenyewe.

Chenji nayo usiitafute kwa kutoa. Panda nayo. Umelipa 10,000 kwa kitu cha 6,350: ongeza 50 ufike 6,400, ongeza 600 ufike 7,000, ongeza 3,000 ufike 10,000. Chenji yako ni 3,650. Fanya hivyo kila unaponunua kitu kwa wiki moja, utaona kichwa kinavyozoea.

Bei ilipanda asilimia 20, kisha ikashushwa asilimia 20. Nasema imerudi palepale, mwenzangu anakataa. Nani yuko sahihi?

Mwenzako. Kitu cha 1,000 kikipanda asilimia 20 kinakuwa 1,200. Punguzo sasa ni asilimia 20 ya 1,200, yaani 240, na bei inashuka hadi 960. Asilimia ni ileile, ila imechukuliwa kwenye kiasi kingine. Kwa sababu hiyohiyo, punguzo la asilimia 20 likifuatiwa na la asilimia 10 si punguzo la 30. Kitu cha 1,000 kinashuka hadi 800, halafu 720. Umepunguziwa asilimia 28.

Na kama bei ya 1,100 ina kodi ya asilimia 10 ndani yake, kodi hiyo ni 100, si 110. Gawanya 1,100 kwa 1.1 upate bei ya kabla ya kodi.

Pakiti kubwa si ndiyo nafuu siku zote?

Hapana. Chukua sabuni ya unga: gramu 400 kwa 180, na gramu 900 kwa 420. Tafuta bei ya gramu 100. Ndogo: 180 gawanya kwa 4, ni 45. Kubwa: 420 gawanya kwa 9, inakaribia 47. Hapa ndogo ndiyo nafuu. Pima zote kwa kipimo kimoja kabla ya kutoa fedha.

Nataka kuweka vigae chumba cha mita 3.6 kwa 4.2. Kila kigae ni sentimita 40 kwa 40. Nilizidisha 360 kwa 420, nikagawanya kwa 100, nikapata mita za mraba 1,512. Najua haiwezekani, ila sioni kosa.

Umefanya jambo kubwa: umelitazama jibu na kulikataa. Kosa liko kwenye ile 100. Mita moja ina sentimita 100, kweli, lakini mita moja ya mraba ina upande wa sentimita 100 na upande mwingine wa sentimita 100. Zidisha, upate sentimita za mraba 10,000. Chora mraba huo sakafuni kwa chaki uutazame, kwa sababu hili halikai kichwani kwa kukariri. Sasa 151,200 gawanya kwa 10,000: chumba chako ni mita za mraba 15.12.

Kigae kimoja ni sentimita za mraba 1,600, au mita za mraba 0.16. Ukigawanya 15.12 kwa 0.16 unapata vigae 94.5. Usiishie hapo, maana vigae hupangwa kwa safu. Upande wa mita 3.6 unachukua vigae 9 kamili. Upande wa mita 4.2 unachukua 10 na nusu. Safu 10 za vigae 9 ni 90. Safu ya mwisho inahitaji nusu 9, na kila kigae kinatoa nusu mbili, kwa hiyo vigae 5. Jumla 95.

Kuna vitakavyovunjika wakati wa kukata. Mafundi wengi huongeza kama asilimia 10, nami naona ni busara: 95 mara 1.1 ni 104.5, nunua 105. Vikiuzwa kwa boksi la vigae 8, gawanya upate 13 na kidogo. Hicho kidogo kinakulazimu kununua boksi la 14. Hesabu ya vifaa hukadiriwa kwenda juu, hata kama kanuni ya shuleni ingesema ushushe.

Kinachokula umeme zaidi ni birika au balbu inayowaka usiku kucha?

Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 kwa saa moja. Birika la wati 2,000 likitumika dakika 15 kwa siku linakula nusu uniti, sawa na uniti 15 kwa siku 30. Balbu ya wati 10 ikiwaka saa 10 kila usiku inakula uniti 3 tu kwa siku hizohizo.

Angalia dakika vizuri: dakika 15 ni saa 0.25, si 0.15. Wanaolipwa kwa saa hupoteza haki yao hapa. Saa 7 na dakika 40 ukiziandika 7.40 umejipunja, kwa kuwa ni 7.67.

Nahitaji mkopo wa 120,000 kwa miezi 12. Mmoja anataka riba ya asilimia 2 kwa mwezi, mwingine 2.5. Nachukua wa kwanza, sivyo?

Subiri kwanza, tafadhali. Uliza: asilimia 2 ya nini? Ikiwa ni ya mkopo wote hadi mwisho, utalipa riba ya 2,400 kila mwezi, jumla 28,800, hata mwezi ambao deni limebaki 10,000 tu.

Wa pili akitoza kwenye salio la deni, nawe unarejesha 10,000 ya mkopo kila mwezi, salio linakwenda 120,000, 110,000, 100,000 hadi 10,000. Jumla ya masalio hayo ni 780,000, na asilimia 2.5 yake ni 19,500. Mwenye asilimia kubwa ndiye nafuu kwako, kwa 9,300 nzima. Uliza pia ada nyingine kabla ya kutia sahihi.

Daftari langu la matumizi na fedha zilizopo vimepishana kwa 270. Nimerudia mara tatu. Nianzie wapi?

Gawanya tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila baki, shuku tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, maana kosa hilo huzaa tofauti inayogawanyika kwa 9 kila mara. Yako ni 270, yaani 90 mara 3. Tafuta kiasi ambacho tarakimu ya mamia na ya makumi zinapishana kwa 3, mfano 1,630 iliyoandikwa 1,360.

Usipoiona, chukua nusu ya 270 utafute 135, kwa sababu kiasi kilichojumlishwa badala ya kutolewa huleta tofauti mara mbili yake. Ukikosa huko pia, jumlisha upya ukianzia chini ya safu kwenda juu, ili jicho lisirudie kosa lilelile.