Msimu wa tatu wa kocha mpya: shabiki wa besiboli ya chuo apime nini

Msimu wa kwanza kila mtu humsamehe kocha mpya. Wa pili matumaini bado yapo. Wa tatu ndipo kelele huanza: Aprili imefika, timu imepoteza mechi za nyumbani wikendi mbili mfululizo, na nusu ya jukwaa inataka kocha afungashe virago. Wengi wanaopiga kelele hizo wanaipenda timu kwa dhati, na uchungu wao una sababu. Ila wanaupima mwaka wa tatu kwa kipimo cha mwaka wa tano, na mara nyingine chuo huwasikiliza, kinamfukuza kocha, na ujenzi unaanza upya kutoka chini.

Tazama kalenda yenyewe. Kocha wa besiboli ya chuo Marekani kwa kawaida huajiriwa Juni, wiki chache baada ya mtangulizi wake kutimuliwa. Vijana wa sekondari wanaoingia chuoni Agosti hiyo walikubaliana na kocha aliyeondoka. Wanaokuja mwaka unaofuata, wengi wao wameshatoa ahadi kwa vyuo vingine. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinaruhusu makocha kuanza kuzungumza na kijana kuanzia tarehe 1 Agosti, anapoingia mwaka wa tatu kati ya minne ya sekondari ya kule, kwa hiyo kundi la kwanza ambalo kocha mpya anaweza kulifuata kuanzia mwanzo ni la vijana wa miaka 16 wakati yeye anaajiriwa. Vijana hao huvaa jezi ya chuo katika msimu wake wa tatu, wakiwa wageni kabisa. Hukomaa msimu wa nne na wa tano. Halafu Julai inakuja na MLB, ligi kuu ya kulipwa, inachukua wachezaji kwa raundi 20: kijana mwenye kipaji kikubwa anaweza kuchukuliwa kabla hajakanyaga chuo, na aliye chuoni anaweza kuchukuliwa akimaliza mwaka wa tatu au akifikisha miaka 21. Mchezaji aliyeiva kweli chuo hukaa naye msimu mmoja, miwili akiwa na bahati.

Wapo wanaosema uhamisho umefuta hesabu hiyo. Ni kweli kwamba tangu 2021 mchezaji anaweza kuhamia chuo kingine bila kukaa nje mwaka mzima, na kocha mjanja anaweza kupata wapigaji watatu wanne wenye miaka 22 ndani ya kiangazi kimoja. Wapigaji, ndiyo. Warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira, ni habari nyingine. Mrushaji anayejua kupeleka mpira kila mara kwenye eneo la straiki, yaani mbele ya mpigaji pale anapoweza kuupiga, anatakiwa na vyuo vyote kwa wakati mmoja, na mara nyingi huenda kwenye pesa nyingi. Ndiyo maana timu nyingi zinazojengwa upya huwa na wapigaji wazuri mwaka wa pili na bado zinafungwa 11 kwa 9.

Hapo kwenye urushaji ndipo pa kukaza macho. Wikendi ya ligi ina mechi tatu, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na kila mechi ina awamu tisa: jumla 27. Warushaji watatu wa kuanza, wakienda wastani wa awamu tano kila mmoja, wanamaliza 15. Zinabaki 12 za kugawana warushaji wa akiba. Ongeza mechi ya Jumanne, awamu nyingine tisa, na aliyeanza Ijumaa akarusha mipira 95 hawezi kuguswa hadi Ijumaa ijayo. Kwa hesabu hiyo timu inahitaji warushaji wanane au tisa wa kuaminika ili tu imalize wiki moja bila kuchoka, na msimu una mechi 56 kabla ya mashindano ya ligi. Timu iliyoporomoka huwa na wawili. Kumpata wa tatu hadi wa tisa ndiyo kazi nzima ya kocha, na ndani ya safari hiyo lazima mkono mmoja au miwili iumie. Mrushaji aliyefanyiwa upasuaji wa kano ya kiwiko hukaa nje mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kocha anaweza kusajili vizuri kabisa na bado akaingia Februari bila mrushaji wake wa Ijumaa.

Kwa hiyo nenda uwanjani Jumapili. Ijumaa hata timu dhaifu inaweza kushinda, maana mrushaji wake bora yuko kazini. Jumapili, awamu ya saba, ndipo utajua mbivu na mbichi. Timu inaongoza 5 kwa 3. Anaingia mrushaji wa nne, kijana wa mwaka wa kwanza. Mipira minne ya kwanza yote inapita nje ya eneo la straiki: mpigaji anakwenda beisi ya kwanza bila kupiga, yaani beisi ya bure. Anayefuata anagongwa na mpira begani: beisi nyingine ya bure. Sasa mdakaji anasimama anamfuata kwenye kilima cha kurushia, kocha wa warushaji yuko kwenye ngazi za kibanda akiangalia upande wa akiba, na huko akiba hakuna aliyepashwa mwili. Mpira unaofuata, kijana, kwa kuogopa kukosa tena, anaurusha katikati kabisa, na mpigaji anaupeleka nje ya uzio. Yeye na wawili waliokuwa kwenye beisi wote wanafunga: imekuwa 6 kwa 5, wapinzani wanaongoza. Jukwaa litamlaumu kocha kwa kumwingiza yule mtoto. Swali la maana ni nani mwingine alikuwepo, na je, mwaka jana hali ilikuwa hivi hivi au mbaya zaidi?

Swali hilo lina jibu la namba, na namba zote ziko kwenye takwimu ambazo chuo hutoa baada ya kila mechi. Chukua beisi za bure zilizotolewa na warushaji wako, jumlisha na wapigaji waliogongwa na mpira, gawa kwa idadi ya awamu walizorusha, zidisha kwa tisa. Kwa kipimo changu, jibu likizidi 7 timu haiwezi kushinda wikendi za ligi hata ikiwa na wapigaji wa dhahabu. Likiwa chini ya 5, ushindi uko njiani hata kama bado haujaonekana kwenye msimamo. Kocha anayelishusha kutoka 7.5 hadi 6.3 hadi 5.4 kwa misimu mitatu anajenga, na shabiki anayetazama msimamo peke yake hatamwona akijenga.

Namba ya pili ni pointi ilizofunga timu dhidi ya ilizofungwa. Timu iliyofunga 300 na kufungwa 330 kwa mechi 56: 300 mara 300 ni 90,000, 330 mara 330 ni 108,900. Gawa 90,000 kwa jumla ya hizo mbili, unapata takriban asilimia 45, yaani ushindi 25 ambao timu ya namna hiyo hutarajiwa kuupata. Kama timu hiyo imeshinda 20 tu, pengine imepoteza mechi nyingi za tofauti ya pointi moja, na sehemu kubwa ya hilo ni bahati inayoweza kugeuka mwaka ujao. Kama imeshinda 30, usimwongezee kocha mkataba kwa furaha, kwa sababu bahati hiyo hiyo itamwacha.

Mechi za Jumanne usizihesabu sana. Hapo ndipo kocha anawajaribu vijana wa mwaka wa kwanza, na kufungwa na chuo kidogo cha jirani Jumanne yenye baridi ni ada ya shule. Uchungu wa kufungwa na jirani naujua, ila haupaswi kuamua ajira ya mtu. Vilevile kama timu yako iko kaskazini, Michigan au New York kwa mfano, mwezi wa kwanza wa msimu inacheza ugenini kusini kwa sababu uwanja wa nyumbani una theluji. Rekodi ya Machi ya timu kama hiyo ni mbaya kwa asili, na kuilinganisha na ya chuo cha Florida ni kumwonea kocha.

Sasa mifano, maana watu hupenda kuchagua mmoja tu na kuupiga kama ngoma. Kocha Tony Vitello alipewa timu ya chuo cha Tennessee mwaka 2017. Kikosi alichokirithi kilikuwa kimeshinda mechi 7 tu za ligi ya SEC. Msimu wake wa kwanza alishinda 12, wa pili 14, na hapo bado alikuwa chini ya nusu ingawa aliingia mashindano ya taifa. Wa 2020 ulikatizwa na korona. Mwaka 2021 alishinda 20 na kufika Omaha, mji wa Nebraska unaochezewa fainali tangu 1950. Mwaka 2022 alishinda 25, na 2024 akatwaa ubingwa. Link Jarrett alikwenda kasi zaidi: Florida State ilimaliza 23 kwa 31 katika msimu wake wa kwanza, 2023, na mwaka uliofuata ikafika Omaha. Lakini Florida State ilikuwa na jina, pesa na mazoea ya kuingia mashindano ya taifa kila mwaka. Chuo ambacho hakijawahi kuwa na hayo hakiwezi kumdai kocha wake ratiba ya Jarrett.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Wake Forest, chuo kidogo cha North Carolina, kwa sababu hauna mstari ulionyooka. Tom Walter aliajiriwa 2009. Mwaka 2011 alimtolea figo mchezaji wake Kevin Jordan, na watu wakamheshimu kwa hilo, ila uwanjani timu iliendelea kuhangaika. Mashindano ya taifa aliyafikia na Wake Forest kwa mara ya kwanza 2016, msimu wake wa saba hapo. Mwaka 2017 alifika hatua moja kabla ya Omaha. Kisha akashuka: 2018, 2019 na 2021 timu haikuingia kabisa. Vyuo vingi vingemwonyesha mlango hapo. Wake Forest walibaki naye, wakawekeza kwenye maabara ya kupima urushaji, na 2023 timu ikashinda mechi 54, ikaorodheshwa ya kwanza nchini na kufika Omaha kwa mara ya kwanza tangu 1955. Shabiki aliyekata tamaa 2019 alikuwa na kila sababu kwenye msimamo. Kilichokuwa kinajengwa kilikuwa kwenye warushaji.

Subira hii ina mipaka, na mipaka yenyewe iwekwe wazi. Kocha anayewatukana au kuwadhalilisha wachezaji hastahili hata msimu mmoja zaidi, awe anashinda au la. Anayemrushisha kijana mipira 120 Ijumaa kisha akamrudisha Jumapili anacheza na mkono wa mtoto wa watu, na hilo uliandikie chuo siku hiyo hiyo. Kubadilisha kocha wa warushaji kila mwaka ni dalili kwamba benchi la ufundi halina mpango. Makosa ya ulinzi yasiyopungua hadi msimu wa tatu hayana kisingizio cha usajili, kwani kudaka na kurusha beisi ya kwanza hufundishwa mazoezini. Na dalili iliyo nzito kuliko zote: wachezaji aliowaleta mwenyewe, wa mwaka wa kwanza na wa pili, wakiondoka kwa wingi Juni. Waliorithiwa wakiondoka ni kawaida. Aliowaleta mwenyewe wakiondoka watano, sita, kwa mkupuo, kuna tatizo ndani ya nyumba.

Kabla ya kumshambulia kocha, muulize mkurugenzi wa michezo swali moja: chuo kinalipia ufadhili kamili wa wachezaji wangapi? Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa 11.7, kinachogawanywa kwa wachezaji wengi kikosini. Tangu msimu wa 2025-26, vyuo vilivyojiunga na makubaliano ya mahakama katika kesi ya wachezaji dhidi ya NCAA vina kikomo cha wachezaji 34 na vinaweza kuwafadhili wote, na pia kuwalipa moja kwa moja. Chuo kinachofadhili 34 kinacheza na kinachofadhili 9 katika ligi hiyo hiyo. Kama chako ni cha 9, kelele zako zielekee kwenye bajeti. Barua fupi yenye jina lako, namba ya tiketi yako ya msimu na swali hilo husomwa kuliko matusi mia ya mtandaoni. Mchango wa kujenga vizimba vya kufanyia mazoezi ya kupiga vyenye paa humsaidia kocha mwezi Januari kuliko bango lolote la Aprili.

Na yule mrushaji wa Jumapili muacheni. Ana miaka 18, ana mtihani Jumatatu asubuhi, na simu yake ina ujumbe wa watu waliopoteza dau. Mkimwandikia kitu, kiwe cha kumtia moyo, au msiandike.

Msimu ukiisha, fanya kazi mbili. Juni, andika majina ya wanaoondoka katika safu mbili, waliorithiwa na aliowaleta kocha, na pembeni yake majina ya warushaji wanaoingia pamoja na beisi za bure walizotoa huko walikotoka. Oktoba, nenda kwenye mechi za mazoezi ya ndani, ambazo vyuo vingi huziacha wazi bila kiingilio. Usitazame matokeo, maana timu inacheza yenyewe kwa yenyewe. Kaa nyuma ya mdakaji na hesabu ni warushaji wangapi wanaanza kwa straiki mpira wa kwanza kwa zaidi ya nusu ya wapigaji. Wakiwa sita mwaka jana na tisa mwaka huu, nunua tiketi ya msimu mapema, na uchague kiti cha upande wa kivuli, maana jua la Mei saa nane mchana ni kali.