Maswali Yenu: Hofu Yenye Sura Yako

Nimesoma "Kiti cha Binadamu" (1925) cha Edogawa Ranpo, mwandishi wa Japani. Hamna jini wala damu, mbona usiku nilikesha?

Kwa sababu kilichokutisha ni kitu cha nyumbani. Yoshiko, mwandishi, anapokea barua ndefu: fundi anaungama kwamba aliunda kiti kikubwa cha ngozi, akajificha ndani, akawa anawapakata wanaokikalia bila wao kujua. Kadiri anavyosoma ndivyo anavyotambua kuwa kiti chenyewe ndicho alichokikalia. Baadaye inakuja barua ya pili: ile ilikuwa hadithi tu. Lakini mwili umeshasisimka, na wa msomaji pia. Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1919: hofu ya namna hii hutoka kwenye kitu tulichokizoea, tukakizika moyoni, kisha kikafufuka.

Mbona vioo vimejaa kwenye hadithi hizi?

Freud mwenyewe anasimulia kisa cha safari ya treni. Behewa lilitikisika, mlango ukafunguka, akaingia mzee aliyevaa kofia. Freud akainuka kumwambia amekosea chumba. Kumbe ni yeye mwenyewe kwenye kioo cha mlango, na sura ile hakuipenda hata kidogo.

Ranpo anaisukuma hofu hiyo hadi mwisho katika "Jehanamu ya Vioo" (1926). Mtu anajifungia ndani ya tufe lenye kioo pande zote. Wenzake wanalikuta likibingirika, kicheko kikitoka ndani. Wanalivunja, anatoka kichaa. Lacan, mchambuzi wa nafsi Mfaransa, alikuja kufundisha kwamba mtoto huipata "mimi" yake anapojiona mzima kiooni. Kwa Ranpo, kioo hichohicho kinaivunja. Hapo ndipo ninapompendea.

Kuwasoma kwa mawazo ya Freud si kuwavisha Wajapani koti la Vienna?

Hapana. Wajapani wenyewe walishiriki mjadala huo: daktari Mjapani Kosawa Heisaku alikwenda Vienna mwaka 1932, akaonana na Freud, akiwa na nadharia yake mwenyewe iliyotokana na kisa cha Kibudha cha mwanamfalme Ajase na mama yake.

Nianze na ipi?

"Mkono Mmoja" ya Kawabata Yasunari, mwandishi mwingine wa Japani. Msichana anauvua mkono wake wa kulia, anamwazima mwanamume kwa usiku mmoja. Mwanamume anautoa wake, anaupachika wa msichana begani, analala vizuri. Isome polepole, hasa pale anapozinduka kwa sababu ubavu wake umegusa kitu kitandani. Anapiga yowe. Ni mkono wake mwenyewe.