Pacha njiti na shida ya pumzi: ukoo una pande mbili

Kwetu Pemba, mtoto akizaliwa kabla ya miezi kutimia na akahema kwa tabu, wa kwanza kuandamwa ni mama. Alikula nini? Alibeba nini? Mbona alitoka nje wakati wa magharibi? Mimi nimeulizwa yote hayo kwa ajili ya pacha wangu, mwanamme na mwanamke. Ndiyo maana nakuandikia wewe mwenye mimba ya pacha, na mama mkwe wako naye akipenda asome.

Mapafu yana vifuko vidogo vidogo vya hewa. Ili visigandane mtoto anapotoa pumzi, panahitajika utelezi maalumu uitwao surfaktanti. Mapafu huanza kuutengeneza kiasi cha wiki ya 24, na kwa kawaida hutosha ikikaribia wiki ya 35. Pacha wengi huzaliwa kabla ya miezi kutimia, na baadhi yao kabla ya hapo. Sababu kubwa basi ni muda, na muda huo hauamuliwi na mama.

Lakini vinasaba, yaani chembe za urithi, navyo vimo. Wataalamu waliwalinganisha njiti pacha wa yai moja, ambao vinasaba vyao ni vile vile, na wa mayai mawili, ambao hushirikiana nusu tu kama ndugu wengine. Wa yai moja huelekea zaidi kuugua wote wawili. Kisha mapafu ya mtoto wa kiume huchelewa kukomaa, na pacha wa pili kutoka huwa hatarini zaidi. Wangu wa kiume ndiye aliyekuwa wa pili. Dada yake alilia papo hapo. Yeye alikuwa akiguna kwa kila pumzi, pua zimetanuka, ngozi ya chini ya mbavu inazama ndani. Wakasema dada kamnyonya nguvu tumboni. Si kweli, na mtoto wa kike asilelewe na maneno hayo.

Ipo pia kasoro adimu, ambapo kinasaba kimoja cha utelezi huo kimeharibika. Mtoto huugua akirithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama pia, hata akitimiza miezi tisa, na wazazi wenyewe ni wazima kabisa. Sisi tunaoana na watoto wa ami, na sisemi tuache. Nasema hivi: mkiwa ndugu, au katika ukoo pana vichanga waliokufa kwa kukosa pumzi, mwambieni daktari kabla hajauliza. Waulizeni mabibi wa pande zote mbili, maana wao ndio wanaokumbuka.

Uchungu ukianza mapema, usingoje kupambazuke. Ipo sindano ya kukomaza mapafu, deksamethasoni, anayochomwa mama baina ya wiki ya 24 na 34 katika hospitali inayoweza kuwatunza njiti. Utafiti wa mwanzo wa sindano za aina hii ulitolewa Nyuzilandi mwaka 1972. Ina nguvu zaidi ikipata siku nzima kabla ya kuzaa, kwa hiyo aliye kisiwa cha Kojani au Makoongwe apange chombo cha kuvukia mapema, na pesa ziwe tayari.

Mkirudi nyumbani, wabebeni kifuani ngozi kwa ngozi, baba naye ashike zamu. Udi na ubani vifukizwe mbali na chumba chao, hata kama ni arubaini. Mtoto akianza kuguna tena au midomo ikigeuka buluu, mrudisheni hospitali saa hiyo hiyo.