Kabla hujaomba masta ya isimu tumizi, keti sokoni kwanza

Tangu nivae joho, walimu wenzangu hapa Moshi wananipigia simu na swali lilelile: "Mwalimu, niombe chuo gani?" Huwa nawarudisha nyuma kidogo. Nawauliza ni mazungumzo gani wameyasikia yakawakaa kichwani bila kujua kwa nini. Asiye na jibu namshauri asiharakishe, aiweke ile ada kwanza.

Swali langu mimi nililipata soko la Mbuyuni, Jumamosi moja, nikinunua ndizi. Mama muuzaji alinitajia bei kwa Kiswahili, nikaomba, akanipunguzia kidogo. Akaja mama mwingine na salamu yake ya "shimbonyi", wakaingia kwenye Kichaga, na baada ya dakika mbili akaondoka na mkungu kama wangu kwa bei ya chini kuliko yangu. Kisha wakapita watalii wawili, na bei ikapanda kwa Kiingereza. Meza moja, lugha tatu, bei tatu. Nami ni Mchaga, ila siku ile sikuwa nimefungua kinywa kwa Kichaga. Hapo ndipo lilipozaliwa swali la tasnifu yangu: lugha inafanya nini kwenye bei?

Mwaka 1972 mwanaisimu Mohamed Hassan Abdulaziz aliandika kuhusu Watanzania wanavyoishi na lugha tatu, ya nyumbani, Kiswahili na Kiingereza, kila moja ikiwa na mahali na kazi yake. Hoja hiyo nilikuwa nimeisoma shahada ya kwanza, nikaijibia mtihani na kufaulu. Kuielewa nilielewa pale kwenye ndizi.

Nasisitiza hili kwa sababu wengi huingia wakidhani isimu tumizi ni sarufi ya ngazi ya juu. Sarufi utaikuta, lakini kazi yenyewe ni kuchukua tatizo la watu ambalo lugha imo ndani yake, darasani, wodini, redioni, mahakamani, na kulifuatilia hadi uone limetokea wapi. Mwanaisimu John Gumperz alieleza kisa cha wanawake kutoka India na Pakistan walioajiriwa kugawa chakula kwenye mgahawa wa wafanyakazi uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Walionekana wajeuri. Rekodi ziliposikilizwa, kilichopatikana ni kiimbo: mtu akiulizwa kama anataka mchuzi, Mwingereza hupandisha sauti mwishoni, na wale wanawake waliishusha. Kwao huko ndiko kuuliza kwa kawaida. Kwa msikilizaji ilisikika kama amri. Heshima ya mtu kazini ilikuwa imepotelea kwenye neno moja.

Na huna haja ya kwenda London kuona uzito wa taaluma hii. Panda basi hadi Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ya Rwanda ilikaa pale, na hukumu ya Jean-Paul Akayesu, meya wa zamani aliyeshtakiwa kwa mauaji ya kimbari ya 1994, ilisomwa tarehe 2 Septemba 1998. Mashahidi wengi walisema kwa Kinyarwanda, majaji wakasikiliza kwa Kifaransa na Kiingereza. Ilibidi mtaalamu wa isimu, Dkt. Mathias Ruzindana, aitwe kueleza maneno. "Inyenzi", neno walilorushiwa Watutsi, kwenye kamusi ni mende. Lakini nani alilitamka, mbele ya nani, siku gani, na waliolisikia walielewa watendewe nini wale walioitwa hivyo? Mimi kila nikifikiria kwamba haki ya watu waliouawa ilipitia kwenye maelezo ya maana ya neno, naona aibu kwa siku zote nilizofundisha pragmatiki, yaani maana ya maneno kulingana na muktadha, kama orodha ya kukariri.

Kuhusu chuo nitasema machache. Soma orodha ya kozi, usiishie kwenye jina la shahada. Kama hakuna uchanganuzi wa usemi, yaani kuchambua mazungumzo halisi ya watu, na mbinu za utafiti zenye mazoezi ya kweli, tafuta kwingine. Uliza pia tasnifu itaandikwa kwa lugha gani. Data yangu ilikuwa ya Kichaga na Kiswahili, tasnifu ya Kiingereza, na kila mfano ulibidi utafsiriwe bila kupoteza kile hasa nilichotaka kuonyesha. Walio na uwezo wa kuandika kwa Kiswahili waifikirie Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Dar es Salaam. Anayewinda ufadhili wa Chevening wa kwenda Uingereza ajue wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, ambao wao huuhesabu kuwa saa 2,800, na baada ya masomo unatakiwa urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Masta ya kule huwa ya mwaka mmoja. Ukifika bila swali, mwaka unaisha ukilitafuta.

Fildi sasa, yaani kwenda kukusanya data. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, inafika kwa mtendaji wa kata, ndipo uuone uongozi wa soko. Mimi ilinichukua wiki tano, nami nilikuwa nimepanga wiki moja. Fomu yangu ya ridhaa niliiandika kitaalamu kweli. Mama wa kwanza kuisoma aliniuliza, "Mwanangu, nikitia saini hapa, watu wa kodi si watakuja?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilirudi kwa msimamizi wangu wa tasnifu, tukakubaliana niombe ridhaa kwa mdomo, kwa Kiswahili au Kichaga, na jibu lirekodiwe. Halafu nikakaa pale wiki mbili bila kurekodi chochote, nikibeba ndoo na kununua nyanya nisizozihitaji. Mwanaisimu William Labov aliliweka wazi tatizo hili: tunataka kusikia watu wanavyoongea wasipochunguzwa, na njia tuliyo nayo ni kuwachunguza. Dawa kamili haipo. Mazoea husaidia.

Unukuzi, yaani kuyaandika neno kwa neno uliyorekodi, ndio utakaokupima. Dakika moja ya rekodi ya sokoni, yenye bodaboda na wauzaji watatu wanaoongea kwa pamoja, ilinila karibu saa nzima. Nami nilirekodi saa kumi na nne! Usifanye hivyo. Rekodi chache, anza kunukuu jioni ileile ungali unakumbuka nani alikuwa amesimama wapi. Tumia ELAN, ni programu ya bure, inakuonyesha sauti na maandishi pamoja. Na usiwape wengine kazi hiyo yote, hata ukiwa na pesa, kwa sababu ni wakati wa kunukuu ndipo nilipousikia ule ukimya. Mnunuzi anataja bei, muuzaji ananyamaza karibu sekunde moja na nusu, na mnunuzi mwenyewe anaongeza mia tano. Pale sokoni nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwao na sikuugundua.

Hata hivyo msaidizi unamhitaji. Mimi ni Mmachame, na wauzaji wengi niliowarekodi walikuwa wa Rombo na Vunjo. Nilijidanganya kwamba Kichaga ni kimoja. Kurasa nzima zilikuwa na makosa hadi dada mmoja wa Rombo alipokaa nami kuzisikiliza upya. Mlipe mtu kama huyo, na umshukuru kwenye tasnifu kama ameridhia.

Msimamizi akikaa kimya, usimtumie sura nzima kwa mara ya pili. Wangu wa kwanza alikaa miezi minne. Nilipoanza kutuma kurasa mbili zenye maswali mawili tu, majibu yalikuja ndani ya wiki.

La mwisho, ambalo mimi nililifanya kwa kuchelewa: rudi na matokeo kabla hujakabidhi. Niliketi na yule mama wa ndizi nikamweleza nilichoandika, kwamba wauzaji huhamia Kichaga ili kumpunguzia bei mtu wa nyumbani. Akatikisa kichwa. "Hapana, Mwalimu. Wao ndio wanaohama. Akishaniita kwa lugha ya mama yangu, mimi nitamkatalia vipi?" Nikarudi kwenye rekodi, nikaanza kuhesabu upya nani alitangulia kubadili lugha, mnunuzi au muuzaji. Sura ya nne niliiandika upya kwa mwezi mzima.