Kiwanja cha ufukweni Ujiji
Ndugu yangu, umeuliza kama ujenge kwenye kile kiwanja cha Ujiji, hatua chache kutoka ziwani. Nakusihi, usijenge hapo. Ziwa Tanganyika halishuki haraka kama mto: mto pekee unaotoa maji yake ni Lukuga, upande wa Kongo, kwa hiyo mvua zikizidi miaka mfululizo maji hukaa juu muda mrefu. Waulize wavuvi yalifika wapi 2021 na 2024, kisha pandisha msingi wako mbali na hapo. Choo kinanitia hofu kuliko ukuta, maana shimo likifurika kipindupindu kiko mlangoni. Chemsheni maji ya kunywa. Vyeti na hati vifunge kwenye nailoni, na watoto waijue 114 ya zimamoto.