Kanji tatu kwa siku, bila kuchungulia

Fungua kaye (daftari) ya mtu anayejifunza Kijapani hapa Lubumbashi. Mara nyingi utakuta ukurasa mzima umejazwa kanji moja (herufi ya Kijapani yenye asili ya Kichina), tuseme 学, mara arobaini, safu baada ya safu. Ukurasa unapendeza. Kesho yake asubuhi mwambie aiandike tena kaye ikiwa imefungwa, uone mkono unavyokwama kwenye mstari wa nne. Uvivu haumo hapo. Mara ya kwanza alitazama mfano, mara ya pili akatazama ile ya kwanza, na zile thelathini na nane zilizobaki ziliandikwa na vidole peke yao, kichwa kikiwa kimeshakwenda soko la Kenya, hapa hapa mjini, kununua unga.

Mkono hukumbuka kile ambacho kichwa kililazimika kukitafuta. Kwa hiyo kanji mpya inaendewa hivi: itazame na uhesabu mistari yake. Iandike mara moja huku unaitazama, polepole, ukitaja vipande vyake kwa sauti. Funika mfano kwa kiganja, andika, fungua, linganisha. Kisha iache! Nenda kwenye ya pili na ya tatu, halafu rudi kwenye ya kwanza, bado umefunika. Mwisho wa kikao kila moja itakuwa imeandikwa mara nne au tano, basi. Ukigundua umesahau mstari, usiuchomeke katikati. Ikate kanji yote na uanze upya. Kanji yenye kiraka inauzoeza mkono kusahau mstari uleule na kuutia mwishoni.

(Mstari hapa ni mwendo wa kalamu tangu inapogusa karatasi mpaka inapoinuliwa, hata ukiwa na kona njiani. 口 ina mistari mitatu: upande wa kushoto, kisha juu pamoja na kona ya kushuka kulia, kisha chini. Ukiizungusha kama herufi O, au ukiijenga kwa mistari minne kama fremu ya dirisha, hesabu yako haitalingana na ya kamusi, na siku utakapotafuta kanji kwa idadi ya mistari hutaiona.)

Kwa nini tatu

Watoto wa Japani hujifunza kanji 80 katika mwaka wa kwanza wa shule, na 1026 katika miaka yote sita ya msingi. Orodha ya matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina 2136. Mtu mzima akiona namba hizo anataka kukimbia: kumi kwa siku! Wiki ya kwanza anaweza. Wiki ya tatu anaacha, na kinachomwangusha ni marudio, si zile mpya kumi.

Piga hesabu. Kanji iliyoandikwa leo inapaswa kurudi baada ya siku 1, 3, 7, 16 na 35, yaani mara tano. Ukianza tatu kwa siku, baada ya mwezi na kidogo utakuwa na marudio kama 15 kila siku. Kwa nusu dakika kila moja ni chini ya dakika nane. Ukianza kumi, ni marudio 50, dakika 25, kabla hujagusa kanji mpya hata moja na kabla hujaongeza zile ulizokosea. Tatu kwa siku, siku sita kwa wiki, Jumapili marudio tu: hiyo ni 18 kwa wiki. Zile 80 zinaisha ndani ya wiki tano, zile 1026 katika wiki 57. Kikao kizima kisizidi dakika 25, na marudio yatangulie kila mara. Ukianza na mpya, marudio ndiyo yatakayotolewa kafara umeme ukikatika au mgeni akibisha hodi.

Kaye na kalamu

Hakuna haja ya kuagiza karatasi maalumu. Kaye ya hesabu yenye miraba ya milimita 5 inafaa kabisa. Unganisha miraba minne kwa minne upate sanduku la milimita 20. Chagua namba shufwa, kwa sababu hapo mstari wa katikati unajitokeza wenyewe, wa wima (juu hadi chini) na wa ulalo (kushoto hadi kulia), na sanduku linagawanyika vyumba vinne. Ukichukua mitatu kwa mitatu, katikati inaangukia tumboni mwa mraba na huna cha kupimia. Kwa marudio tumia miwili kwa miwili. Kama una ile kaye ya shule ya mtindo wa Kifaransa, yenye mistari ya wima kila milimita 8 na ya ulalo kila milimita 2, chukua nafasi mbili za wima na nane za ulalo: sanduku la milimita 16, na katikati yake ipo.

Vyumba hivyo vinne si mapambo. Kosa la wanaoanza ni kuandika kanji mbili ndani ya sanduku moja na kuziita moja. Katika 休, mtu wa kushoto (亻) anachukua kama theluthi ya upana, hafiki nusu. Katika 林, miti miwili hailingani: wa kushoto unabanwa, na mstari wake wa mwisho unafupishwa uwe kama nukta ili usimkanyage jirani. 土 ikikaa kushoto, kama katika 地, mstari wake wa chini unapanda kuelekea kulia.

Mwezi wa kwanza tumia penseli laini, 2B ukiipata. Mistari ya kanji ina miisho mitatu: kusimama (tome), kudokoa kama ndoano (hane) na kufagia (harai). Penseli laini inaionyesha. Biki inachora unene mmoja tu, hivyo ukihamia kwenye biki ufagiaji utaupata kwa kuinua kalamu huku mkono bado unakwenda. Chini ya ukurasa weka kipande cha katoni, la sivyo alama za leo zitachimba ukurasa wa kesho, na huko ni kuchungulia pia.

Simu inaweza kukupa Kichina

Hili linawakamata wengi wetu. Kwenye kompyuta na simu, kanji nyingi za Kijapani na za Kichina zinatumia namba moja ya msimbo, na kifaa ndicho kinachochagua umbo la kuonyesha. Simu iliyowekwa Kifaransa au Kiswahili peke yake mara nyingi huchagua la Kichina. Utanakili 直 au 骨 kwa uaminifu wote, na itakuwa sura ya Beijing. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya lugha, uongeze Kijapani kama lugha ya pili. Simu itaendelea kusema nawe kwa lugha yako, ila kanji zitabadilika.

Hata fonti (mtindo wa herufi za chapa) ya Kijapani ya vitabu na magazeti si mfano wa kuandikia. Ina vijimdomo na miguu ya chapa ambayo hakuna mkono unaoichora. Tafuta fonti ya vitabu vya shule: Windows 10 na 11 zina UD Digi Kyokasho kati ya fonti za ziada za Kijapani, na Klee One inapatikana bure. Kwa mpangilio wa mistari kuna fonti ya Kanji Stroke Orders, ambayo huweka namba kwenye kila mstari. Chapisha zile 80 kwenye duka la fotokopi, lakini peleka faili la PDF. Ukipeleka la Word, kompyuta ya dukani haina fonti hiyo, nawe utalipia ukurasa wa kanji zisizo na namba au wa visanduku vitupu.

Mpangilio wenyewe una kanuni chache: juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia, ulalo kabla ya wima panapokatana (十), boma kabla ya vilivyomo na mlango kufungwa mwisho (国). Isiyofuata kanuni ijifunze ilivyo. 右 na 左 zinafanana kichwani, lakini Kijapani huanza 右 kwa mstari wa kufagia na 左 kwa mstari wa ulalo. Video za Kichina zitakudanganya hapo, na pia kwenye 王, 田 na 生, ambazo mpangilio wao ni tofauti. Usitegemee kibodi ya kuandika kwa kidole kukuhakiki: inatambua umbo, na mpangilio mbovu huusamehe mara nyingi. Mtu aliyekaa kando yako anakuona vizuri zaidi.

Kuna mambo ya kusameheana pia. Mwaka 2016 idara ya utamaduni ya serikali ya Japani ilitoa mwongozo unaokubali tofauti nyingi za mwandiko: 木 ikiwa na ndoano chini au bila ndoano, zote ni 木. Ila urefu wa mistari katika 未 (bado) na 末 (mwisho), au 土 (udongo) na 士 (kama katika 弁護士, wakili), haujadiliwi.

Chukua shaba

Mji wetu unaishi kwa shaba, basi tuitazame: 銅, mistari 14. Kushoto 金, chuma na madini, mistari 8. Kulia 同, mistari 6, inayosomwa dō. Na shaba inasomwaje? Dō. Upande mmoja unakutajia jamii ya kitu, mwingine unakunong'oneza sauti. Mgodi ni 鉱山, na 鉱 ni 金 pamoja na 広: 鉱 na 広 zote husomwa kō. Sehemu kubwa ya kanji imejengwa hivi, na sisi tuliozaliwa na ngeli hatupaswi kushangaa: jinsi m- na wa- zinavyokuambia unaongelea watu, ndivyo 氵 inavyokuambia kuna maji au kitu kinachotiririka: 海 bahari, 湖 ziwa, 油 mafuta, 洗う kuosha.

Ndiyo maana kutaja vipande kwa sauti si mchezo. Anayeandika 銅 kama mistari 14 ana vitu 14 vya kukumbuka. Anayesema "madini, sawa" ana viwili.

Kadi za marudio zitengeneze kwa karatasi ya A4: ikunje mara nne, ikate, una kadi 16. Mbele andika neno zima kwa Kiswahili pamoja na usomaji wake kwa kana (herufi za Kijapani za sauti tu), nyuma kanji. Maana peke yake haitoshi, kwa sababu lugha hizi hazikati dunia mahali pamoja. "Joto" la hewa ni 暑い, la chai ni 熱い, na zote husomwa atsui. Kwenye ndugu Kijapani kinauliza umri na jinsia kwa pamoja: yaya (ndugu mkubwa) wa kiume 兄, yaya wa kike 姉, mdogo wa kiume 弟, mdogo wa kike 妹. Kadi iliyoandikwa "ndugu" tu haina jibu. Anayependa simu atumie AnkiDroid, programu ya kadi za marudio, ni bure, lakini jibu aliandike kwenye karatasi kabla hajageuza kadi.

Kadi za mwanzo ziwe za kitu utakachokiandika kweli. Fomu za Japani huuliza 氏名 (jina), 住所 (anwani) na 国籍 (uraia), na jibu la uraia ni コンゴ民主共和国. Hizo ni kanji tano zenye mistari 32 kwa jumla, siku mbili za kazi. Mji ni ルブンバシ, na hapo kuna mtego wa katakana, kana za majina ya kigeni: katika ン na シ mstari mrefu unatoka chini kupanda. Ukiuteremsha kutoka juu unapata ソ na ツ, nawe umekuwa mkazi wa Rubusobatsu.

Ukurasa wa mwisho wa kaye uwe wa makosa. Usiandike "nimekosea 待" tu. Andika umekosea wapi. Kama ulitoa 持, tatizo ni kipande cha kushoto, na dawa ni kuandika 待, 持, 時 na 特 pamoja, kila moja ndani ya neno lake. Kama ni mstari uliopungua, taja vipande upya. Kosa likitokea mara tatu, kanji hiyo irudi kuwa mpya na ichukue nafasi moja kati ya tatu za kesho.

Kwa mazoezi ya nje ya kaye, magari yanatosha. Mabasi madogo na teksi zilizotumika Japani bado zina maandishi yake: 自動ドア kwenye mlango unaojifungua, 警告 (onyo) na 注意 (tahadhari) kwenye kinga ya jua ya dereva, 軽油 kwenye kifuniko cha tangi, yaani "mafuta mepesi", dizeli. Kibandiko cha オイル交換 kinataja tarehe ya kubadilisha oili. Mwaka ukianza na 平成 (enzi ya Heisei) jumlisha 1988 upate mwaka wetu wa kawaida, ukianza na 令和 (enzi ya Reiwa) jumlisha 2018. Soma ukiwa ndani, shuka, na ukifika nyumbani iandike bila picha. 警 ina mistari 19, na hapo ndipo utajua kama uliisoma au uliitazama tu.

Ukikosa siku moja, fanya marudio ya siku mbili na uache mpya. Ukikosa wiki nzima, kadi zitakuwa zimelimbikana. Zigawe kwa siku tano, anza na zile za muda mfupi (siku 1 na 3) kwa sababu ndizo zinazofutika upesi, wala usiongeze kanji mpya mpaka rundo liishe.